Mshahara wa Kwenye Karatasi

Lubaba alimaliza ritani yake ya ushuru kabla chai haijapoa. Shule ilikuwa imempa karatasi inayoonyesha alicholipwa mwaka mzima na alichokatwa. Alichofanya yeye ni kuzihamisha tarakimu kwenye kompyuta, akabonyeza, na risiti ikatoka. Mwalimu wa darasa la tatu hana cha kuificha serikali. Ushuru wake hukatwa kabla hata hajauona huo mshahara wenyewe.

"Haya, bwana," alisema, akaisukuma kompyuta upande wa pili wa kitanda. "Zamu yako."

Kaizar alijongea. Walikuwa na miezi mitatu tangu waoane, na mambo mengi walikuwa wakiyafanya pamoja kwa mara ya kwanza, tena kwa kucheka. Hili nalo walilianza kwa kucheka. Ameoa? Ameoa. Mke ana kipato chake? Anacho, na ameshakitangaza mwenyewe, hataki kutangaziwa na mtu. "Tena ana mdomo," Kaizar alisema. "Hapo hawana mahali pa kuandika mdomo?" Akafinywa paja. Wakaenda hivyo hivyo mpaka wakafika penye mwajiri na mshahara.

"Niandike ngapi?" Lubaba aliuliza.

"Ngapi nini?"

"Mshahara wako wa mwaka jana."

"Mimi sina mshahara. Si walijua hilo."

"Najua huna wa kila mwezi. Lakini si wapata kitu? Kiasi gani, kwa kukisia?"

Kaizar alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akajaribu kukisia kweli. Tangu amalize shule alikuwa akilifungua duka la babake la vifaa vya ujenzi pale Ndia Kuu asubuhi na kulifunga jioni. Aliuza, aliagiza, alibeba, alidai wadeni, na wateja wengine hawakumjua mwenye duka mwingine ila yeye. Akitaka pesa, alimwambia babake. Akitaka viatu alisema viatu, akitaka kunyoa alisema kunyoa. Mzee alimuuliza bei, akafungua droo, akampa, na mara nyingi akampa zaidi ya alichoomba. Nyumba yao ilikwenda hivyo tangu enzi za babu, na hakuna aliyewahi kuona haya, maana hakuna aliyewahi kuuliza swali kama hilo la Lubaba.

"Nikisie nini sasa?" alisema. "Nihesabu na viatu?"

"Usinikasirikie mimi. Si mimi niulizaye, ni hii."

"Andika sufuri."

"Sufuri ni mtu asiyefanya kazi. Wewe wafanya kazi mpaka Jumapili. Wakija kuuliza watu wa Ndia Kuu, watasema nini?"

Haikuwa mzaha tena, kwa sababu kulikuwa na barua. Huko Kilindini, kwenye ghala moja la mizigo, walikuwa wakitafuta msimamizi wa stoo. Kaizar alikwenda akahojiwa bila kumwambia mtu isipokuwa mkewe, na akapita. Barua ilisema aanze Julai kwa shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi, mradi kwanza alete nakala ya ritani yake pamoja na cheti cha kuonyesha hadaiwi ushuru. Na huko Tudor, nyuma ya nyumba ya mamake Lubaba, kulikuwa na vyumba viwili vya jirani vinavyongojea mpangaji. Pesa za kuingilia Lubaba alikuwa nazo, akiba ya tangu hajaolewa.

Hakuwa akitaka makubwa, na msimfikirie vibaya. Wakwe zake hawakumtesa. Alitaka mume ambaye akiambiwa twende tukale kitu Ijumaa, hashuki kwanza ngazi kwenda kuomba. Mara ya kwanza alipoona hivyo, siku ya nne ya ndoa, alisimama juu akisikia mzee akiuliza, "Mwenda kula wapi? Pale ghali," na damu ikamchemka usoni peke yake pale kwenye ngazi. Tangu siku ile alikuwa akilipa yeye, na Kaizar alikuwa akishukuru kwa sauti ndogo.

"Itabidi tumuulize Bawaji," Kaizar alisema. Bawaji ndivyo walivyomwita babake.

"Na kazi utamwambia?"

"Nitamwambia yote kwa pamoja."

Akaifunga kompyuta.

*

Jumapili mchana walikaa kuzunguka sinia moja, wanne wao, vichwa vimefunikwa. Kaizar, ambaye ndiye mdogo wa nyumba, alizungusha kijaluba cha chumvi; kila mmoja akaonja, wakasema bismillahi. Mamake, Bi Fariha, alikuwa amepika wali wa nyama na dengu. Mzee Qaidjohar, kofia yake nyeupe yenye mshipi wa dhahabu kichwani, alikula taratibu kama kawaida yake. Alikuwa mtu mpole, na sauti hapandishi. Watu wapole ndio wagumu kuwakatalia.

"Bawaji," Kaizar alisema, "nimepata kazi Kilindini."

"Kazi gani? Wewe una kazi."

"Ya stoo. Ya mshahara."

Mzee aliuacha wali mkononi. "Ya kuandikwa?"

"Ndiyo, Bawaji."

"Mtoto wangu akaandikwe kazi. Asimame mlangoni asubuhi, atie sahihi kwamba amefika, na mtu mwingine amwambie sasa kale, sasa rudi." Alisema hayo pasipo hasira, akaonekana ameumia kweli. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kuna siku uliniomba nikakunyima?"

"Hapana."

"Basi?"

Kaizar alimega tonge, akalirudisha siniani. Lubaba akaona mumewe anazama, akamshika mkono.

"Bawaji, kuwa radhi," alisema. "Kazi ni jambo la kuzungumzwa. Lakini hata kazi isiwepo, ritani lazima apeleke kabla mwezi haujaisha. Na pale pana mahali pa kuandika kipato. Tulitaka kukuuliza tuandike nini."

Uso wa mzee ukakunjuka. "Kumbe ni hilo? Hilo mimi nilishaliweka sawa zamani! Nilimwambia Kamaludin," na Kamaludin ndiye aliyemtengenezea hesabu za duka, "nikamwambia, muandike Kaizar mshahara. Akaniuliza, ngapi? Nikamwambia, elfu arobaini kila mwezi. Mwanangu siwezi kumuandika chini ya kuli wangu."

Alisema kwa fahari. Hakuwa akificha chochote. Aliwatazama mmoja mmoja kungojea kushukuriwa.

"Elfu arobaini," Kaizar alisema.

"Kila mwezi, mwaka jana wote. Mshahara ni gharama ya duka. Gharama ikipanda, faida hushuka, na ushuru nao hushuka. Sasa wewe andika hiyo hiyo arobaini, mambo yalingane."

"Na hizo pesa ziko wapi, Bawaji?" Lubaba aliuliza.

Hakukusudia kuuliza hivyo. Lilimtoka. Bi Fariha alimtupia jicho, kisha akaanza kupanga vipande vya ndimu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Pesa gani, mwanangu?"

"Hizo arobaini za kila mwezi."

"Ziko dukani. Zitakuwa wapi? Na duka la nani? Si lenu?" Mzee alitabasamu, lakini vidole vilikuwa vimesimama juu ya wali. "Mimi, Lubaba, pesa niliyoweza kusema ni yangu niliishika siku tulipotoka kumzika marehemu babangu. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, nina mke na watoto. Na wallahi, siku moja sikuwahi kumuuliza ziko wapi."

Kaizar aliangalia chakula.

"Mwanangu, kula," Bi Fariha alimwambia Lubaba. "Wala nyama hujagusa." Na akamsogezea mfupa mzuri upande wake wa sinia, mfupa wenye mafuta, ambao kwa desturi alimwekea mumewe. Lubaba aliula wote. Hakujua ladha yake.

*

Mwezi wa Juni watu hujaa kwenye meza za msaada wa ushuru kana kwamba kuna kitu kinagawanywa bure. Kaizar na Lubaba walipanga foleni mpaka wakafikia meza ya msichana aitwaye Sheryl. Huyu Sheryl hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na sauti kubwa tu, kwa sababu feni ilikuwa ikipiga kelele, na alikuwa ameshachoka kurudia maneno.

"Ulifanya kazi wapi mwaka jana?"

Kaizar akataja duka.

"Mshahara?"

"Wa... wameandika arobaini."

"Wameandika? Wewe ulipokea ngapi?"

Kaizar aligeuka kuangalia nyuma. Nyuma kulikuwa na kaka mmoja mwenye bahasha, na mama mmoja wa makamo, na wote walikuwa wamenyamaza kungojea jibu.

"Ni duka la babangu," alisema.

"Sawa. Na mshahara wako ni ngapi?"

"Huyo mtoto wa bosi hajui analipwa ngapi," yule kaka alimwambia mama wa makamo. "Maisha hayo, we!" Mama akacheka. Hawakuwa wakimchukia, walikuwa wakimhusudu, na hilo ndilo lililomkata Lubaba maini.

Lubaba akainama karibu na Sheryl, akamweleza polepole. Sheryl alisikiliza, akashusha sauti, na akawaeleza vizuri mpaka wakaelewa. Mwenye duka amesema alilipa mshahara. Kwenye mshahara huo hakuna ushuru uliokatwa. Kaizar akikubali kwamba alipokea, ushuru wake ni elfu hamsini na tatu kasoro shilingi kidogo, alipe apewe cheti. Kama hakupokea, aandike taarifa kwamba hakupokea, hadaiwi hata shilingi. Ila mwenye duka ataitwa na vitabu vyake, aeleze kwa nini aliandika kitu kisichokuwepo.

"Ataitwa peke yake?" Kaizar aliuliza.

"Yeye ndiye mwenye duka."

"Na wakiona aliandika makosa?"

"Kuna faini. Wakiona alikusudia, kuna korti." Sheryl alimwangalia kwa huruma kidogo. "Kaka, mimi siwezi kukuamulia. Nenda nyumbani mkae na mzee."

Wakaondoka kwenye foleni. Yule kaka mwenye bahasha akakaa haraka kabla kiti hakijapoa.

*

Kaizar alikaa na mzee jioni ile ile, dukani, baada ya wafanyakazi kuondoka. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Bawaji, wanataka elfu hamsini na tatu. Nakuomba unilipie."

"Za nini?"

"Ushuru wa ule mshahara."

Mzee Qaidjohar alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Ushuru wa mshahara hulipwa na mwenye mshahara, Kaizar. Sheria iko hivyo kila mahali."

"Lakini mimi sikuupokea!"

"Umekula wapi mwaka jana? Umelala wapi? Harusi yako ya watu mia tatu, ni nani aliyelipa? Mimi nilikuandikia hesabu ya hayo?" Alirudisha miwani usoni. "Sikatai kukusaidia. Wacha hiyo Kilindini. Ukiiacha, cheti huna haja nacho. Utaandika sufuri, kama Kamaludin alivyokuandikia miaka yote, na hizi arobaini atajua la kufanya nazo. Nani atakudai?"

Kumbe ndipo alipokuwa akielekea. Kaizar alilielewa hilo, na bado hakuweza kumchukia.

"Au nenda ukawaambie babako mwongo," mzee alisema. "Sitakuzuia. Waje wabandike karatasi mlangoni, watu wa jumuiya yetu wapite wakitoka msikitini waisome. Mimi nimezeeka. Nitaingia ndani, nitafunga mlango."

"Bawaji, sikusema hivyo."

"Mlango ule pale."

Machozi yalikuwa yamemlenga mzee. Yalikuwa ya kweli, na yalifanya kazi yake.

*

"Siwezi," Kaizar alimwambia mkewe. "Nipige, nitukane. Babangu siwezi kumpeleka huko."

Lubaba alikuwa amekaa kitandani, daftari za watoto wa shule ziko mapajani. Alikuwa ameshasahihisha nusu. Akaifunga kalamu.

"Hata mimi sikutaka umpeleke," alisema. "Nilitaka yeye asikupeleke wewe."

"Tutafanyaje?"

"Tutalipa."

"Na nini?"

Kaizar aliuliza huku akijua. Zile za Tudor.

"Ukianza kazi tutazirudisha kidogo kidogo," Lubaba alisema, sasa akizungumza haraka, akijituliza mwenyewe kuliko kumtuliza mumewe. "Nitamwambia mama azungumze na mwenye nyumba atungojee mpaka Septemba. Septemba si mbali. Muhimu upate hiyo kazi. Ukishakuwa na chako, Kaizar, haya yote tutayacheka."

"Wewe ni mke mwema."

"Usiniambie hivyo leo."

Asubuhi yake Kaizar akajaza elfu arobaini mara kumi na mbili, akathibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli. Lubaba akatoa simu, akalipa. Na hivyo ndivyo bibi harusi wa miezi mitatu, anayefundisha watoto wa watu kusoma, alivyolipia ushuru wa pesa ambazo mumewe hakuzishika hata kwa dakika moja. Cheti kilitoka siku ile ile. Kilikuwa kizuri, hakina kosa lolote.

*

Bwana Ogutu, afisa wa wafanyakazi pale ghalani, alimpokea Kaizar kwa heshima. Akamkaribisha kiti, akamuuliza hali ya nyumbani na ya mzee. Kaizar akasema wote wazima, wamshukuru Mungu. Kisha Ogutu akakiangalia cheti, akakiweka upande. Akachukua ritani, na hiyo aliisoma mara mbili.

"Bwana Kaizar, hapa naona mwaka jana ulikuwa unalipwa elfu arobaini."

"Ndiyo."

"Hii yetu ni ishirini na nane. Barua uliisoma vizuri?"

"Niliisoma, bwana."

"Hebu nisaidie nielewe." Ogutu alizungumza bila ujeuri, akitaka kuelewa kweli. "Mimi nimekaa kiti hiki miaka mingi. Mtu akishuka hivi kwa hiari yake, huwa kuna sababu. Mara nyingi amefukuzwa. Na akifukuzwa kutoka stoo, mara nyingi ni mkono mrefu. Sijasema ni wewe. Lakini humu ndani muna mali ya watu."

"Sikufukuzwa. Ni duka la babangu."

"Hapo ndipo unazidi kunichanganya. Kwa babako mwenyewe, elfu arobaini, nyumba yenu hapo karibu. Unaacha hayo uje hapa kuvuta vumbi?"

Kaizar alifungua kinywa. Alikuwa na ukweli ulimini: sikulipwa, bwana, hata senti. Lakini karatasi yenye jina lake ilikuwa mkononi mwa Ogutu, na ilisema alilipwa. Kuukana ule mshahara ni kusema, mimi ni mtu ninayeandikia serikali uongo, nipe funguo za stoo. Akakifunga kinywa.

"Nataka kujitegemea," alisema.

"Kujitegemea?" Ogutu aliinua macho. "Ndugu yangu, na elfu arobaini ulishindwa kujitegemea?"

Hata karani wa meza ya pili alitabasamu.

Ogutu akazikusanya karatasi, akamrudishia zote kwa mikono miwili. "Usinielewe vibaya. Kuna kijana mwingine aliyehojiwa pamoja nawe, Musyoka. Mwaka mzima hajapata kazi, ritani yake ni sufuri, na ana mtoto mchanga. Huyo namwelewa. Kesho kutwa akipata ya arobaini ataondoka, lakini angalau leo najua kwa nini amekuja. Msalimie mzee sana. Mwambie wazazi kama yeye ni wachache."

Kaizar akasema ahsante. Fikirieni: akasema ahsante. Akatoka nje, akapita katikati ya malori yaliyopanga foleni, na hakukumbuka kwamba alikuwa na nauli mfukoni mpaka alipokwisha kufika Mji wa Kale kwa miguu.

*

Lubaba hakulia. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Na pesa?"

"Zishaingia serikalini."

"Najua zishaingia."

Usiku ule mzee Qaidjohar alipanda ghorofani mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi kwa sababu ya magoti, amebeba boksi la vitamu vya mithai. Akasimama mlangoni. "Nimesikia. Msihuzunike. Mungu amekuepusha na fedheha ya kutumwa na watu, mwanangu." Akamwekea Kaizar mkono begani. "Na nimeshamwambia Kamaludin, mwaka huu akuandike thelathini tu. Sitaki uumie tena."

Alikuwa na nia njema. Hilo mtu angeweza kuliapia. Kaizar alipokea boksi kwa mkono wa kulia, akasema, "Shukran, Bawaji."

Lubaba alimtazama mumewe akilifungua lile boksi.

*

Siku ya mwisho ya mwezi, saa kumi, duka lilikuwa limejaa. Mafundi walikuwa wakitaka saruji na misumari, na mzee mmoja wa mtaani alikuwa akibishania bei ya rangi ya chokaa. Wafanyakazi wawili wa duka, Gunga na Saif, walisimama mbele ya kaunta kungojea mshahara wao. Kaizar ndiye aliyewahesabia. Babake alikaa kando yake, mkono juu ya droo, akizitoa noti na kumkabidhi.

Lubaba aliingia moja kwa moja kutoka shuleni, mkoba wa vitabu begani, vazi lake la rida la kijani limejaa vumbi la chaki. Hakwenda nyuma ya kaunta kama mtu wa nyumbani. Alisimama nyuma ya Saif.

"Lubaba!" mzee alisema. "Kwema? Mama hajambo?"

"Kwema, Bawaji. Hajambo."

"Basi pita huku ndani, mbona wasimama na watu?"

"Hapa pananitosha. Nangojea zamu. Nimekuja kuchukua mshahara wa Kaizar."

Gunga alisogea kando. Mzee wa rangi akaacha kubishana.

Qaidjohar alicheka, akawageukia wateja wake kuwashirikisha. "Huyu mke wa mwanangu, mcheshi huyu!"

"Sichekeshi, Bawaji. Ni mwisho wa mwezi, wenzake wanalipwa. Mwaka huu ulisema ni thelathini. Nipe hizo thelathini za Juni, sitadai zaidi."

"Mwanangu, mambo ya nyumbani tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani ni pa kula, na nimekula, nashukuru. Wanaolipwa wanalipwa hapa."

Fundi mmoja alijifanya kusoma maandishi kwenye mkebe. Mzee aliutoa mkono kwenye droo, kisha akaurudisha, na sauti yake ikawa ndogo zaidi, ile ndogo yake ya hatari.

"Lubaba, waniaibisha mbele ya watu kwa jambo ambalo mumeo mwenyewe amelimaliza. Mwaka jana alilipwa. Ameandika kwa mkono wake, kwa hiari yake, hakuna aliyemshika. Kama huniamini mimi, muulize."

"Kaizar," Lubaba aliita.

Kaizar alikuwa ameshika noti za Saif, nusu ameshazihesabu.

"Ya kwenye karatasi nayajua, tuliyaandika sote," Lubaba alisema, na hapo sauti ilimkatika kidogo, akaitafuta akaipata. "Sasa nakuuliza mimi, mkeo. Mwaka jana ulilipwa?"

Gunga aliinamisha kichwa. Gunga alijua, alikuwa amefanya kazi pale tangu Kaizar akiwa mwanafunzi, na mara mbili au tatu alishamkopesha nauli. Kaizar aliangalia watu waliojaa mlangoni, wote wa mtaani, wote wanaomjua babake kwa jina. Akamwangalia babake. Mzee hakuwa akimtazama. Alikuwa akiitazama droo, midomo ikicheza, na chini ya ile kofia alionekana mzee sana.

"Nililipwa," Kaizar alisema.

Lubaba alitikisa kichwa polepole, kama anavyotikisa darasani mtoto aliyemtegemea anapokosa jibu jepesi. Hakumkemea.

"Haya," alisema. "Basi wewe una pesa kunishinda mimi. Zile hamsini na tatu zangu utaniletea. Niko Tudor, kwa mama."

Akaurekebisha mkoba begani. Watu wakampisha, akatoka. Hakuna aliyemwita, wala babake mume wala mume, ijapokuwa Kaizar alipiga hatua moja mpaka kaunta ikamzuia tumboni.

Mzee Qaidjohar akashusha pumzi, akapitisha kitambaa usoni. "Umefanya vyema, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hasira zake zitapoa. Endelea."

Saif alikuwa bado amenyoosha mkono. Kaizar akazirudisha noti zote kwenye kaunta, akaanza kuzihesabu upya, maana hesabu ilikuwa imempotea.